Lebo ya Kaa wa Kilindini

Ukimwambia mtu kwamba yupo mwanamke anayelinda maiti elfu kumi na moja, na kila moja anajua imelala wapi, atakuambia Mungu apishe mbali. Lakini maiti zenyewe ni kaa, kamba, konokono na samaki wasiozidi kiganja, wengi wao kila mmoja ndani ya chupa yake ya spiriti. Na mwanamke mwenyewe ni mpole hata akikuta buibui kwenye rafu humpandisha juu ya karatasi akampeleka nje. Kazini walimwita Mama Chupa. Hakuwahi kuzaa. Tarishi wa ofisi alimpachika jina hilo kwa utani miaka mingi iliyopita, likaganda kama gundi, mpaka hata mkurugenzi akalitumia kwenye barua.

Ghala lake lilikuwa chini ya jengo, halina dirisha hata moja. Rafu za chuma zilisimama safu kwa safu, na harufu ya spiriti ilikupokea mlangoni kabla mtu hajakukaribisha. Kila asubuhi Mama Chupa alivaa koti lake jeupe la kazi, akashika jagi na faneli, akapita akiongeza chupa zilizopungua, maana spiriti ni kama subira, hupungua hata kama hakuna aliyeigusa. Aliingia humo akiwa na miaka kumi na tisa, mfagiaji aliyeishia darasa la saba. Mzee aliyekuwa na funguo kabla yake alimfundisha sheria tatu, naye hakuzivunja: chupa isikauke, lebo iandikwe kwa penseli, kamwe si kwa wino, na lebo ya zamani haitupwi hata ikiwa imechakaa, inawekwa nyuma ya mpya, humo humo ndani ya chupa.

"Kaa mwenye lebo ni elimu," mzee yule alikuwa akisema. "Kaa asiye na lebo ni kitoweo kilichoharibika."

Sasa, huyu kaa wa habari yetu alikuja na meli ya uchunguzi, miaka minane nyuma, ndani ya ndoo iliyochanganya kaa wa kila namna waliovutwa na wavu kutoka kilindini, huko ambako jua halijawahi kufika. Walitiwa chupani, wakawekwa rafu ya mwisho, wakasahaulika. Siku moja Mama Chupa akiwaongezea spiriti, akaona wanne hawafanani na wenzao. Walikuwa weupe kama nta, miguu mirefu myembamba, macho madogo kama punje za ulezi. Akawatazama kushoto, akawatazama kulia, kisha akabeba chupa kifuani, akapanda nayo ngazi mpaka kwa Daktari.

Daktari huyu hakuwa wa watu, alikuwa wa kaa, ingawa wapita njia walimjia na vikohozi vyao wakidhani ni hospitali. Mama Chupa aliweka chupa mezani akasema, "Daktari, hawa wanne si ndugu wa wale."

Daktari alimweka mmoja chini ya hadubini, akamtazama mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Mama Chupa, umeniletea kazi ya miaka miwili."

Neno hilo alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyepewa nishani. Hakulitangaza. Lakini kila usiku kabla ya kulala, baada ya kuwaombea wagonjwa na wasafiri, alimshukuru Mungu kwa kaa wake. Ndivyo alivyosema, kaa wangu.

Kumweleza ulimwengu kiumbe ambaye hajawahi kuelezwa si kazi ya kusema nimemwona. Unampima gamba, unahesabu vifundo vya miguu, unaandika kila kinachomtenga na jamaa zake. Na kwa kaa, ushahidi mkubwa uko kwa dume, kwenye vijiguu viwili vilivyofichwa chini ya tumbo, ambavyo ndivyo vinavyotenga ukoo na ukoo. Kati ya wale wanne, watatu walikuwa majike. Dume lilikuwa moja. Hilo moja ndilo lingekuwa shahidi: likishapewa jina, chupa yake inafungwa utepe mwekundu, na mtu yeyote duniani akibisha, hata baada ya miaka mia, ataambiwa njoo umtazame huyu. Lakini shahidi bila lebo ya wapi alitoka, kina gani na siku gani, ni shahidi bubu.

Na kaa ni lazima achorwe. Hapo ndipo alipoingia Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake Mama Chupa, mziwanda wa nyumba yao, wamepishana miaka ishirini na moja. Mama yao alipougua baada ya uzazi, Mama Chupa ndiye aliyemfunga mtoto mgongoni. Ndiye aliyemfundisha kutembea, akampeleka shule, akakaa kwenye benchi la wazazi siku ya kufunga muhula. Mtoto akapenda kuchora. Akachora mpaka chuo kikamchukua, na aliporudi, Mama Chupa akabeba michoro yake kwa njia ile ile aliyombebea kaa, ngazi kwa ngazi, mpaka mezani kwa Daktari. Miaka miwili sasa walikuwa wakitoka nyumba moja, wakirudi nyumba moja. Mmoja kazi yake chini, mwingine juu, penye dirisha.

Kitinda alimchora kaa kwa nukta. Nukta elfu na elfu za wino mweusi, mpaka gamba likatuna juu ya karatasi ungedhani ukiligusa litakuchoma. Watu walipanda ngazi kuja kutazama. Mkurugenzi alileta wageni. Mama Chupa naye alipanda, akatazama, akasema, "Mashaallah, mdogo wangu, mkono wako umebarikiwa," na alimaanisha. Ila aliposhuka, kwenye ngazi ya nne au ya tano, kuna kitu kilimchoma chini ya ubavu, kidogo tu, kama kibanzi. Hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza ni nani aliyemwona kaa kwanza.

Kibanzi kikaota mizizi. Alianza kuona vitu ambavyo zamani hakuviona. Daktari alimpa Kitinda kiti, yeye alisimama. Kitinda alikunywa chai na madaktari, yeye alikunywa na faneli yake. Alijikemea. Aliomba, "Mungu wangu, nitolee hiki kijicho, mtoto mwenyewe nimemlea mimi." Kijicho kikakaa kimya wakati wa sala, na sala ikiisha kikavuta kiti.

Aliyekimwagia petroli ni tarishi. Tarishi huyo alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na miguu myepesi. Barua alizipeleka polepole, habari alizikimbiza.

"Mama Chupa," alisema Jumatano akiegemea mlango wa ghala, "umeandaa vigelegele?"

"Vya nini tena?"

"Kaa amepata jina. Nimeziona karatasi mezani kwa Daktari kwa macho yangu haya mawili. Anaitwa kwa jina la mdogo wako! Wamelivalisha mkia wa Kilatini, lakini ni lake, nimelisoma."

Mama Chupa aliendelea kumimina spiriti. "Ni heri. Ni mtoto wetu."

"Na wewe umo."

Mkono wake ulisimama. "Nimo?"

"Kule mwisho kabisa, penye shukrani. 'Tunamshukuru mtunza ghala.'"

"Mtunza ghala nani?"

"Mtunza ghala tu. Nukta." Tarishi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Usinune, bibie! Mla ni mla leo, mla jana kala nini?"

Alipoondoka, Mama Chupa aliona jagi limefurika na spiriti imemwagika mpaka kwenye viatu vyake.

Miaka thelathini na mitatu, alihesabu. Chupa elfu kumi na moja. Na kaa wake anaitwa kwa jina ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyemchagulia mtoto, kwa kuwa mama yao alikuwa hajiwezi. Hata jina lenyewe lilitoka kinywani mwake! Kaa angeitwa kwa jina la mgeni, la nahodha au la mkurugenzi, asingeumia. Mgeni huna cha kumdai.

Alhamisi alikwenda kliniki kwa ajili ya magoti yake. Ijumaa alasiri, wengi wakiwa wameshaondoka, alikuta chupa ya dume mezani karibu na mlango wa ghala. Jumatatu ingepigwa picha, na karatasi zote zingetumwa kwa wakaguzi wa jarida. Kando yake palikuwa na kikaratasi cha Daktari: Kitinda ametengeneza lebo mpya jana, ya zamani haisomeki vizuri pichani.

Mama Chupa akainua chupa kwenye mwanga.

Lebo ilikuwa nzuri, herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Na zote zilikuwa za wino. Ule ule wino mweusi wa nukta, ambao Kitinda aliusifu kwamba hautoki hata ukiloweka karatasi kwenye ndoo ya maji. Lakini spiriti si maji. Tayari kando ya kila herufi palitoka uzi wa buluu, mwembamba, ukipanda kama moshi wa mshumaa uliozimwa. Kufika Jumatatu, lebo ile ingekuwa karatasi nyeupe.

Akatazama kwenye kapu la taka. Ya zamani ilikuwemo, ya penseli, ya manjano, kona moja imeliwa. Kitinda hajui sheria za chini. Ameona karatasi chafu, ameitupa. Na Mama Chupa alijua kingine: kwenye maandishi yake yote, palipotakiwa mahali na kina, Daktari alikuwa ameandika "tazama lebo". Kitabu cha meli kilikuwa na mitupo ya wavu ishirini na sita. Chupa yao ya kwanza ilikuwa na lebo moja tu, ikahamia na dume, na ni hiyo peke yake iliyosema kaa huyu ni wa mtupo upi.

Dakika mbili zingetosha. Kibano, penseli, kipande cha karatasi nene.

Mama Chupa aliokota lebo ya zamani kutoka kapuni, maana mikono yake isingeweza kuiacha hapo hata kama moyo ungeweza. Akaikunja mara moja. Akaikunja tena, na tena, na tena, mpaka ikawa kama kidonge, akaitia mfukoni mwa koti. Kisha akarudisha chupa pale pale ilipokuwa.

Sikufanya kitu, alijiambia akizima taa. Sijafanya kitu chochote.

Jumamosi asubuhi alikwenda na wenzake wa sala kumtazama mgonjwa. Alikaa huko akisema maneno mazuri ya faraja, na kila neno lilimrudia likiwa na ladha ya chumvi. Aliporudi, alisimama ghafla mlangoni mwa uwanja wa nyuma. Makoti mawili meupe yalikuwa kwenye kamba, yakidondosha maji. Kitinda ndiye aliyefua nguo kila Jumamosi tangu magoti ya dada yake yaanze kuuma. Mama Chupa alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na bado lilikuwa limempotea.

"Umefua makoti?"

"Nimefua, dada."

"Mifukoni ulitazama?"

"Hutazama kila mara. Wiki iliyopita nilikuta karanga zako."

"Na leo?"

Kitinda aliinama kwenye beseni, akakamua taulo. "Leo hamkuwa na karanga."

Alipoingia ndani, Mama Chupa alikwenda kwenye kamba akatia mkono katika mfuko uliolowa. Hamna kitu. Akatazama kwenye maji machafu, kwenye nyasi, chini ya jiwe la kufulia. Hamna. Hakujua kama karatasi imekwenda na maji au iko mkononi mwa mdogo wake, na hakuweza kuuliza bila kujishtaki mwenyewe. Chakula cha mchana walikula wakizungumzia bei ya sabuni. Kitinda, ambaye hufua akiimba, siku hiyo hakuimba.

Jumapili kwenye ibada, walipofika kwenye maneno ya kuomba msamaha, Mama Chupa alifungua kinywa pamoja na wengine, sauti haikutoka. Na pembeni yake, bega kwa bega, Kitinda alisema maneno yale yote mpaka mwisho. Hata hapo alimwonea wivu.

Jumatatu Daktari aliinua chupa, akaisogeza puani, akaigeuza. Spiriti ilikuwa na rangi ya buluu hafifu. Ndani yake dume lilielea limekunja miguu, na kando yake kipande cheupe cha karatasi kisicho na hata alama. Daktari hakufoka. Aliketi, akavua miwani, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Lebo iko wapi?"

"Kosa ni langu," alisema Kitinda. "Niliandika kwa wino. Na ya zamani niliitupa, sikujua." Akafungua daftari lake, akatoa karatasi ya manjano iliyonyooshwa kwa pasi, penseli yake ikisomeka yote, mtupo, kina, siku. Penseli haijali spiriti, wala haijali sabuni. "Dada aliiona kapuni. Akaitunza."

Daktari aliruka kitini, akamshika Mama Chupa mikono yote miwili. "Mama Chupa! Umetuokolea kazi ya miaka miwili. Nasema mbele ya mdogo wako, bila wewe tungekuwa tunalia hapa."

Sifa alizozingojea miaka thelathini na mitatu zilimwagika zote kwa mara moja, na hapakuwa na hata moja aliyoweza kuimeza. Aliitikia kwa kichwa. Akasema ana chupa zinazomngoja, akashuka.

Kitinda alimfuata mpaka kati ya rafu.

"Sikukutunzia," alisema Mama Chupa, akiwa amempa mgongo. "Niliona wino unatoka. Ningebadilisha kwa dakika mbili. Nikazima taa nikaenda zangu."

"Najua."

"Unajua nini wewe?"

"Ulikuwa umeikunja mara nne, dada. Barua zangu za shule umeziweka bapa sandukuni, mpaka ile ya darasa la pili niliyokuandikia unichukue naumwa tumbo. Kitu unachokitunza hukikunji."

Mama Chupa akageuka. "Sasa kwa nini hukusema Jumamosi?"

"Nilingoja useme wewe." Kitinda alishika ukingo wa rafu. "Nikangoja Jumamosi nzima. Nikangoja Jumapili. Tarishi aliniambia kikulacho ki nguoni mwako, nikamtukana. Ni jina, siyo?"

"Ni jina. Ni kiti. Ni dirisha." Maneno yalimtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka. "Nilikubeba mgongoni mpaka nikapinda, halafu wewe ndiye unayetembea umenyooka. Na kaa nilimwona mimi."

"Jina sikuliomba."

"Ndiyo maana limeniuma. Ungeliomba, ningekuchukia nikapumua."

Kitinda alifuta uso kwa kiganja. "Nilimwambia Daktari uongo kwa ajili yako. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipiga kwa kusema uongo nilipokuwa na miaka sita." Akapanda ngazi bila kuaga.

Mama Chupa alijaza chupa mbili zilizopungua. Kisha naye akapanda, polepole kwa sababu ya magoti, akamweleza Daktari yote, tangu uzi wa buluu mpaka mfukoni. Daktari alimsikiliza akiwa ameshika kalamu hewani. Alipomaliza, hakumwambia ni vyema wala ni vibaya. Alisema, "Nilipaswa kujua ni nani aliyepanda na ile chupa. Nilijua, na sikuandika." Halafu akavuta droo, akatoa kipande cha karatasi nene na utepe mwekundu. "Lebo ya shahidi haijaandikwa. Mkono wako ndio mzuri."

Mama Chupa akaandika kwa penseli, amesimama. Jina lilikuwa refu. Aliandika herufi moja moja, la mdogo wake, na kila herufi ilimchoma, na aliziandika zote sawasawa.

Kwa wiki tatu ndugu hawa walitembea kwenda kazini mmoja mbele, mmoja nyuma. Nyumbani walisemeshana kwa habari za chumvi na mafuta. Kitinda alifua Jumamosi kama kawaida, lakini makoti aliyakuta tayari yamegeuzwa mifuko nje. Karatasi zilikuwa zimerudi kutoka kwa wakaguzi. Daktari alikuwa ameandika upya ule mstari wa mwisho, umekuwa mistari minne yenye jina kamili la mtunza ghala, na tarishi alikwenda chini kumsomea. Mama Chupa alimsikiliza, akamshukuru. Ilimfurahisha. Haikumponya.

Siku ya mwisho ya kutuma marekebisho, alipanda kupeleka chupa iliyoombwa. Kitinda alikuwa ameinamia mchoro wa kaa dirishani, akiumalizia, na ulikuwa mzuri kuliko siku zote, mpaka Mama Chupa akahisi kile kibanzi, pale pale chini ya ubavu, kizima kabisa. Akaweka chupa. Akageuka kuondoka. Akafika mlangoni.

Akarudi.

"Miiba ya ukingo wa gamba, upande wa kushoto," alisema. "Ni saba. Umechora sita."

Kitinda aliangalia kwenye hadubini. Akahesabu kwa midomo bila sauti, akahesabu tena. Kisha akachovya kalamu, akaanza kuuweka ule mwiba wa saba, nukta baada ya nukta, na shingo yake haikuinuka.

"Nihesabie na wa kulia," alisema. "Usiondoke kwanza."